Mlaji kando ya mto aambiwe ukweli

Mwishoni mwa Juni, jua la Uingereza huchelewa kutua hadi baada ya saa tatu za usiku. Katika mji wa soko wa Henley, ulio kando ya mto Thames magharibi mwa London, mikahawa hutandaza meza nje, karibu na daraja la mawe lenye matao matano lililokamilika mwaka wa 1786. Watu hula polepole huku wakitazama mashua zikipita. Starehe hiyo ni halali, nami siikejeli. Baada ya miezi mingi ya baridi, nani asiyetamani kulia nje?

Ninachokipinga ni kimya. Katika miji mingi ya huko, mabomba ya kale hubeba maji ya mvua na ya vyooni kwa pamoja. Mvua kubwa ikinyesha, mabomba hufurika na uchafu huachiliwa mtoni ili usirudi majumbani. Ruhusa hiyo ilikusudiwa nyakati za dharura tu. Hata hivyo, mwaka wa 2023 uchafu ulimiminwa katika mito na bahari ya England kwa jumla ya saa milioni 3.6. Machi 2024, wapiga makasia wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge walionywa wasiingie katika mto Thames jijini London, ingawa ni desturi ya washindi kumtosa mshika usukani wao majini. Vipimo vilikuwa vimeonyesha viini vya kinyesi.

Yuko atakayesema kwamba kutaja vyoo mbele ya mlaji ni kumfukuza mteja. Hoja hiyo haina mashiko. Mteja huonyeshwa bei ya samaki kabla ya kuagiza. Iweje asionyeshwe hali ya maji ambamo mwanawe atachovya miguu akisubiri chakula?

Tangu mwisho wa 2023, kila mdomo wa kumwagia mafuriko hayo nchini England una mtambo wa kuupima. Lakini mtambo huo huhesabu muda tu. Haupimi wingi wala ubora wa kinachomwagwa. Kwa hiyo napendekeza kwamba vipimo kamili vya maji vibandikwe kila juma kando ya orodha ya vyakula. Shule za miji hiyo nazo zishirikishwe: mwanafunzi aliyeyachota na kuyapima maji ya mto wake hataridhika na picha nzuri ya kitabuni.

Na mlaji asijitenge. Anachokula leo mezani, kesho kitapita katika bomba lilo hilo.