Dawa za kutanuka kwa tezi dume: Bei imeshuka, vipimo vimesahaulika

MWANAMUME anayeamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, na bado mkojo ukamtoka kwa matone, hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa na njia kuu mbili: kuvumilia au kufanyiwa upasuaji. Leo anaweza kuandikiwa vidonge ambavyo vingi muda wake wa hataza, yaani haki ya pekee ya kutengeneza na kuuza, umekwisha.

Kutanuka kwa tezi dume, tatizo ambalo si saratani, huwapata takriban nusu ya wanaume wenye umri wa miaka 51 hadi 60, na hadi asilimia 90 ya waliovuka miaka 80. Kwa kampuni za dawa, hilo ni soko la uhakika, kwani mgonjwa anayeanza kidonge mara nyingi huendelea nacho kwa miaka.

Mwaka 1992, Marekani iliidhinisha finasteride ya kampuni ya Merck, iliyouzwa kwa jina la Proscar. Dawa hiyo hupunguza ukubwa wa tezi, lakini huchukua miezi kadhaa kuleta nafuu. Mwaka 1997 ikafuata tamsulosin, iliyogunduliwa na kampuni ya Yamanouchi ya Japani. Hii haipunguzi tezi. Hulegeza misuli ya shingo ya kibofu, na nafuu huanza kuonekana ndani ya siku chache. Utafiti uliohusisha zaidi ya wanaume 3,000, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa kuunganisha dawa za makundi hayo mawili hupunguza uwezekano wa tatizo kuendelea kukua kwa asilimia 66.

Kampuni nazo hazikukaa kimya zikisubiri hataza zimalizike. Merck iliuza finasteride hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo, kama dawa ya upara kuanzia mwaka 1997. GlaxoSmithKline iliunganisha dutasteride yake na tamsulosin katika kidonge kimoja, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2010, mwaka ambao tamsulosin ya bei nafuu iliingia katika soko hilo. Mwaka 2011, Cialis ya Eli Lilly, iliyojulikana kwa nguvu za kiume, nayo ikaruhusiwa kutibu tezi dume.

Hata hivyo, ushindani ulifika. Finasteride ilipoteza ulinzi wake Marekani mwaka 2006, dutasteride ikapata washindani mwaka 2015 na Cialis mwaka 2018. Viwanda vya nchi mbalimbali, zikiwamo za India, sasa hutengeneza dawa zenye viambato vile vile.

Kando ya vidonge hivyo, soko la mitishamba nalo limeshamiri. Magome ya mti wa Prunus africana, unaoota katika misitu ya milimani ikiwamo ya Kenya, Tanzania na Cameroon, yamekuwa yakisafirishwa Ulaya kutengenezea dawa ya tezi dume kwa miongo kadhaa. Mti huo ulivunwa kiasi cha kuwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES mwaka 1995. Tafiti zilionyesha nafuu ya wastani, lakini nyingi zilikuwa ndogo na za muda mfupi. Matunda ya saw palmetto ya Marekani yalipopimwa mwaka 2006, hayakuzidi vidonge visivyo na dawa.

Ni dhahiri basi kwamba kushuka kwa bei hakumalizi tatizo. Dalili za tezi iliyotanuka hufanana na za maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, na wakati mwingine saratani. Finasteride na dutasteride hupunguza kwa karibu nusu kiwango cha PSA, kipimo cha damu kinachosaidia kubaini saratani ya tezi dume. Mtu anayezimeza bila daktari kujua anaweza kupewa majibu ya kumtuliza, kumbe ugonjwa unaendelea. Tamsulosin nayo huweza kuleta kizunguzungu mtu anaposimama, na huweza kutatiza upasuaji wa mtoto wa jicho iwapo daktari hakuarifiwa.

Aibu ya kuzungumzia haja ndogo ndiyo inayowapeleka wengi dukani kabla ya hospitali. Madhali kidonge si ghali kama zamani, jukumu la mamlaka za afya na familia ni kuhakikisha vipimo vinatangulia, ili mzee ajue anachotibu kabla ya kununua dawa.