Shilingi Ipi? Thamani ya Fedha na Usomaji wa Riwaya Mpakani

Mwanafunzi wa kidato cha tatu huko Homa Bay anaposoma riwaya ya Kitanzania na kumkuta mhusika akilipwa shilingi 300 kwa mwezi, aghalabu hufanya mojawapo ya mambo mawili. Ama huzichukulia shilingi hizo kuwa ni zile zile zilizomo mfukoni mwake, ama, iwapo ana jamaa wafanyao biashara Isebania, huzigawanya kwa 20 kama wafanyavyo wachuuzi wa dagaa na maharagwe wavukao kwenda Sirare. Kwa hesabu ya kwanza mhusika ni fukara. Kwa hesabu ya pili ni kichekesho, maana shilingi 15 hazinunui hata mkate. Hesabu zote mbili zinapotosha. Mwalimu naye mara nyingi hana la kumwambia, kwani chuoni alifunzwa vina na mizani, usimulizi na uhakiki, lakini hakufunzwa kuuliza: shilingi ipi, na ya mwaka gani?

Swali hilo lina jibu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, na mwaka 1921 ikaleta shilingi moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, baada ya rupia na florini iliyoishi muda mfupi mno. Zanzibar iliingia mwaka 1936. Kwa miaka 45, basi, aliyevuka kutoka Migori kwenda Tarime hakubadilisha fedha. Hata benki kuu tatu zilipoanzishwa mwaka 1966 na kila nchi ikapiga chapa noti zake, shilingi zilibaki na thamani sawa: 20 kwa pauni ya Uingereza, na 7.14 kwa dola ya Marekani. Pauni iliposhushwa thamani Novemba 1967, nchi zote tatu zilikataa kuifuata.

Hapa ndipo fasihi inapoingia. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, kisiwa kilichomo katika ziwa lile lile linalopiga ufuo wa Homa Bay, ilitoka mwaka 1971. Wakati huo shilingi ya Ukerewe na ya Homa Bay zilikuwa na thamani rasmi moja. Anayegawanya kwa 20 anaposoma riwaya hiyo amekosea mara 20, na kosa hilo si la hesabu tu: linagusa tabaka la mhusika, heshima yake, na uzito wa kila karo, zawadi au rushwa inayotajwa.

Ugumu mkubwa zaidi unakuja kwa kazi zinazohusu miaka ya 1977 hadi 1986, na inashangaza jinsi kipindi hicho kinavyorukwa madarasani. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa Februari mwaka huo hadi Novemba 1983. Ndani ya Tanzania sabuni, sukari na nguo ziliadimika. Ajabu ni kwamba kwenye karatasi za benki shilingi hizo mbili ziliendelea kutembea karibu karibu: mwaka 1985 dola moja ilikuwa wastani wa shilingi 16 na ushei za Kenya, na 17 na ushei za Tanzania. Kwenye magendo, hata hivyo, shilingi ya Tanzania ilikuwa imeshuka mara kadhaa chini ya thamani hiyo rasmi. Kwa hiyo msomaji anayekutana na mlanguzi katika riwaya ya miaka hiyo anakabiliwa na bei mbili za fedha ile ile, ya dirishani na ya kichochoroni. Pengo baina ya bei hizo ndilo faida ya mlanguzi, na ndilo lililompeleka mahakamani katika msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Mhakiki asiyelijua pengo hilo atamwona mlanguzi kuwa mtu mwenye tamaa tu, na ataikosa nusu ya dhamira.

Mwaka 1986 serikali ya Ali Hassan Mwinyi ilikubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na kilichofichwa kikatoka hadharani. Kufikia mwaka 1987 shilingi moja ya Kenya ilikuwa takriban nne za Tanzania. Mwaka 1990 ikapita nane, na mwaka 2000 ikapita kumi. Wala safari haikuwa ya upande mmoja: Januari 2024, shilingi ya Kenya ilipodhoofika hadi 160 hivi kwa dola, ilipata chini ya 17 za Tanzania, kisha ikapanda tena. Hiyo 20 ya wachuuzi nayo ni kituo cha njiani.

Yupo atakayepinga kwamba kiwango cha kubadilishia fedha hakionyeshi bei ya unga. Ni kweli, na shilingi 300 za mwaka 1971 hazielezwi kwa dola pekee. Lakini wahariri wa matoleo ya shule hujaza kurasa za mwisho faharasa ya maneno ambayo mwanafunzi angeyapata katika kamusi yoyote, ilhali neno shilingi, ambalo kamusi haliwezi kulimaliza, huachwa bila maelezo. Mistari miwili ingetosha: nchi, mwaka, thamani yake dhidi ya shilingi ya jirani, na kitu kimoja ambacho mshahara wa mhusika ungenunua.

Wanafunzi wa uzamili wanaotoka Migori na Homa Bay wana nafasi ambayo wenzao hawana. Wapo wazee Isebania waliobadilisha noti usiku miaka ile mpaka ulipofungwa, na majina waliyozipa noti hizo, bei zao na mafumbo ya kuwakwepa askari ni fasihi simulizi ambayo inastahili kurekodiwa wakiwa hai.