Mpango Kwanza au Hadithi Kwanza?

Mhariri amenipa nafasi hii nami nataka kuitumia kuzungumzia jambo lililozua ubishi mkali chamani muhula huu. Kama mjuavyo, chama chetu kimepitisha kwamba anayetaka kushiriki mashindano ya hadithi sharti kwanza alete mpango, hatua kwa hatua, toka mwanzo hadi tamati. Asiye na mpango, hadithi yake haisomwi. Mimi napinga uamuzi huo, na sababu ninazo.

Wanaotetea mpango hawasemi upuzi, lazima nikubali. Katika karatasi ya insha ya KCSE tunaandika insha mbili kwa saa 1 na dakika 45, na kila insha isipungue maneno 400. Hapo ukianza bila kujua uendako, muda utakwisha ungali njiani. Aidha, kuna hadithi ambazo ni vigumu kuziandika bila mpango. Chukua riwaya ya upelelezi kama Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960. Bwana Msa huokota dalili moja moja mpaka akafumbua fumbo. Sasa mwandishi asipolijua jibu la fumbo lake, dalili hizo atazitega vipi?

Lakini jamani, je, hadithi zote ni mafumbo? La hasha! Hebu tuwatazame waliobobea katika kazi hii.

Charles Dickens wa Uingereza alianza kutoa The Pickwick Papers mwaka 1836. Ilitoka sehemu sehemu kila mwezi, na wasomaji walikuwa wakisoma sehemu za mwanzo huku yeye bado anaandika zinazofuata. Baadaye, alipofika Dombey and Son mwaka 1846, akawa na desturi ya kuandika mpango wa kila sehemu. Mtaniambia, ‘Si umeona? Hata Dickens alikuja kuona faida ya mpango!’ Ni kweli. Lakini mpango wenyewe ulikuwaje? Ulijaa maswali. Alijiuliza kama mhusika fulani aingie sasa, kisha akajijibu: ndiyo, la, au bado. Na pamoja na mipango yake yote, alipomaliza Great Expectations mwaka 1861 rafiki yake Edward Bulwer-Lytton alimshauri aubadilishe mwisho, naye akaubadilisha. Kwa sheria ya chama chetu, ningependa kujua, Dickens angekatwa alama ngapi?

Tuje kwetu Afrika. Chinua Achebe alikuwa na nia ya kusimulia vizazi kadhaa vya ukoo mmoja katika kitabu kimoja. Alipousoma tena mswada wake, akaona umebeba mno. Akaondoa habari za watoto na wajukuu, akambakisha Okonkwo peke yake na kumwongezea uzito. Kikatoka Things Fall Apart mwaka 1958, ambacho kwa Kiswahili tunakijua kama Shujaa Okonkwo. Mjukuu naye, Obi, akapata kitabu chake mwaka 1960. Angeng'ang'ania nia yake ya kwanza, huenda Okonkwo tunayemjua tusingempata.

Na yuko Stephen King wa Marekani, ambaye katika kitabu chake On Writing cha mwaka 2000 anasema wazi kwamba hapendi kupanga visa mapema. Kwake hadithi ni kama mifupa ya kale iliyofukiwa ardhini. Kazi ya mwandishi ni kuifukua polepole bila kuivunja. Ila akimaliza, huufungia mswada ule wiki zisizopungua 6, kisha huutoa, akausoma kama mgeni na kuuandika upya akipunguza maneno.

Mmeona wanapokutana? Mmoja alijiandikia maswali, mwingine alipunguza, mwingine hapangi kabisa, lakini wote watatu walirudi kwenye kazi yao na kuisahihisha. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sisi tunapeleka hadithi ikiwa bado mbichi, wino haujakauka, halafu tunadhani mpango ndio utatuokoa.

Hasara ya sheria hii nimeiona. Yuko mwenzetu wa kidato cha kwanza ambaye tukitembea kwenda nyumbani jioni hutusimulia visa mpaka tunasahau njia ni ndefu. Muhula huu hakuleta hadithi. Nilipomuuliza mbona, alisema ati hajui kuandika mpango. Msimulizi kama yule tunampoteza hivi hivi, bure kabisa!

Wengine watasema njia mbili zilimshinda fisi. Fisi alishindwa kwa kutaka kuzipita zote mbili kwa wakati mmoja. Mwandishi huchagua moja. Mimi mwenyewe ni wa kutwa. Naandika usiku baada ya kuosha vyombo na kumaliza hesabu, na mara nyingi sijui mhusika wangu atatenda nini mpaka nimwache aseme.

Basi pendekezo langu ni hili. Anayetaka kupanga na apange, asiyetaka asilazimishwe. Badala ya mpango, kila mshiriki alete miswada miwili: wa kwanza ukiwa na mikwaruzo yake yote, na wa pili uliosahihishwa. Waamuzi watazame kilichobadilika na kama kimebadilika kwa heri. Mpango wa KCSE tuuweke kwa KCSE, kwa kuwa kule hakuna nafasi ya mswada wa pili. Hapa chamani nafasi tunayo, muhula mzima.

Mwalimu mlezi na viongozi wa chama, nawaomba mlifikirie jambo hili kabla ya mashindano ya mwaka ujao. Yule wa kidato cha kwanza nimeshamwambia aanze kuandika.