Faini ina risiti, hongo haina: somo la Isebania kwa madereva wetu

Muulize dereva wa Migori anachoogopa akivuka mpaka wa Isebania, atakutajia askari wa trafiki wa Tanzania. Vuka Sirari umuulize dereva wa Tarime anayekuja Kenya, naye atakutajia askari wa huku kwetu. Wote wawili wana haki ya kulalamika, lakini wengi wao hawajui sheria inawadai kiasi gani. Hapo ndipo wanapoliwa.

Mwezi uliopita nilikuwa Homa Bay na Migori kwa siku kadhaa, nikazungumza na madereva wanaofuata dagaa, ambao huko huitwa omena, hadi Musoma na Mwanza. Mmoja aliniambia, "Ustadh, mimi huweka noti ndani ya leseni kabla sijafika kizuizini. Naihesabu kama mafuta."

Tumfanyie hesabu. Akitoa shilingi 200 kwenye vizuizi vitano akienda na vitano akirudi, ametoa 2,000. Tanzania, faini ya kosa la kawaida la barabarani ni shilingi 30,000 za huko, kama 1,500 zetu. Kwa hivyo ndugu yetu, bila kosa lolote, amelipa zaidi ya mwenye kosa. Na hana risiti.

Utaratibu wa Tanzania si mbaya kwa mgeni. Kosa likiandikwa, unapewa namba ya malipo, wenyewe huiita kontro namba, na unalipa benki au kwa wakala wa pesa za simu. Pesa haipiti mkononi mwa askari, wala huhitaji kurudi wiki ijayo kusimama mbele ya hakimu.

Shida ni mbili. Kwanza, makosa huhesabiwa moja moja: mtungi wa kuzimia moto uliopitwa na muda, pembetatu za tahadhari zilizosahaulika nyumbani, mwendo wa zaidi ya 50 kwa saa penye makazi. Matatu hayo ni 90,000. Pili, dereva mwenye laini ya Kenya na noti za Kenya hawezi kulipa upesi akiwa kando ya barabara, na mwenye mzigo anampigia simu kila dakika kumi. Neno "tusaidiane" huzaliwa hapo.

Upande wetu nao si msafi. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zimeweka viwango wazi. Ukizidisha mwendo kwa kilomita 6 hadi 10 kwa saa ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Lakini barabarani Mtanzania husikia zaidi habari za dhamana na mahakama. Akisimamishwa Ijumaa jioni akaambiwa hakimu atakaa Jumatatu, anahesabu siku tatu za kulala gesti na mzigo kuharibika. Askari hana haja ya kumtisha. Kalenda inamtosha.

Sisi Waislamu tumefundishwa kwamba mtoaji na mpokeaji wa rushwa wako katika laana moja. Sheria ya Hongo ya Kenya ya 2016 nayo inamshika mtoaji pia. Noti ndani ya leseni ni kosa kubwa kuliko taa iliyoungua.

Anayevuka ajitayarishe: leseni halali, kibali cha gari kuingia nchini kwa muda, na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, kwani bima ya nyumbani pekee haivuki mpaka. Akague mtungi na pembetatu mbili. Abebe shilingi za Tanzania. Akisimamishwa, aulize kwa adabu kosa ni lipi, kisha aombe liandikwe. Akidaiwa hongo, TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113 na EACC kwa 1551.

Lakini mzigo wote usibaki kwa dereva. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 1, 2010, na Isebania na Sirari zina kituo cha pamoja cha mpakani. Kubandika hapo ubao wa makosa na faini za nchi zote mbili, kwa Kiswahili na kwa shilingi zote mbili, ni gharama ya rangi na mbao. Kuweka dirisha ambapo mgeni atalipa faini yake kwa pesa ya kwao pia kunawezekana. Serikali za kaunti za Migori na Homa Bay, ambazo wafanyabiashara wao ndio wanaoumia, zina kila sababu ya kulidai hilo Nairobi.

Sisi wa Pwani tusidhani hii ni habari ya mbali. Anayetoka Mombasa kwenda Tanga hupita Lunga Lunga na Horohoro, na faini ni ile ile. Ubao ukiwekwa Isebania, na sisi tuudai wetu.