Kuita intaneti, na kuikata

Juma hili tunajibu ulizo ambalo limetufikia zaidi ya mara moja: ordinatere ya nyumbani haina Windows, ina Ubuntu. Je, intaneti itaingia kwa njia gani, na pesa ya unga ibaki?

Kwanza tusiogope jina. Ubuntu ni neno letu Wabantu. Jirani zetu Warundi wanalo, na maana yake ni utu. Ni aina mojawapo ya Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991. Hailipiwi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia.

Zamani, huko Ulaya, ordinatere ilipata intaneti kwa kupiga simu kupitia waya wa nyumbani. Sisi hapa Uvira tunatumia modemu ndogo ya kuchomeka, yenye kadi SIM ndani. Lakini kazi inafanana: modemu nyingi za namna hiyo hupiga namba *99#, mtandao unajibu, mlango unafunguka.

Hatua ni hizi. Chomekeni modemu, mngoje dakika moja au mbili. Fungueni mipangilio ya mtandao, chagueni muunganisho mpya wa simu, halafu nchi na kampuni ya kadi yenu. Ikiuliza APN, yaani jina la mlango wa kampuni, ulizeni kwa wakala wao. Ikidai PIN, msibahatishe: mkikosea mara tatu kadi inajifunga mpaka mpate namba ya PUK.

Asiye na modemu atumie simu yake. Aiunge kwenye ordinatere kwa waya wa USB, kisha kwenye simu awashe sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Mara nyingi hapadaiwi kitu kingine.

Sasa lililo kubwa: kukata. Ubuntu ikipata intaneti hutafuta yenyewe programu mpya, na inaweza kula mega mamia bila mtu kugusa kitu. Mega za juma zima, ambazo mtoto anayejitayarisha kwa Examen d'État angetafutia masomo, zinakwisha usiku wote wakilala.

Kwa hiyo, kabla ya kumwachia mtoto kiti, tufanye mambo matatu. Kwenye mipangilio ya mtandao, tuonyeshe kwamba muunganisho huu una kipimo. Tuondoe alama ya kujiunga wenyewe. Na kwenye mipangilio ya programu mpya, tuchague zisitafutwe bila sisi kuagiza. Hata hivyo tusizisahau, kwa kuwa ndizo zinazoilinda mashine. Tuzichukue mara kwa mara, pale penye Wi-Fi isiyohesabu mega.

Walio upande wa Kavimvira, karibu na mpaka, wakataze pia mtandao wa nje. Kadi ikishika mtandao wa Burundi, bei si ile ya nyumbani.

Masomo yakiisha, kateni muunganisho, mchomoe modemu. Watoto wetu wanatuzidi kwa wepesi wa vidole, na ni vizuri. Lakini mega zinanunuliwa kwa pesa ya soko la mama. Basi na mama ajue mahali pa kufungua na mahali pa kufunga. Anayekwama alete mashine yake kwenye mkutano wetu, tuitazame pamoja.