Utafiti wa Tiba Usingoje Hisani ya Wageni

Hapana mwalimu wa siku nyingi katika shule ya msingi asiyewahi kumpata darasani mtoto wa aina hii: mwerevu, macho yake yana umanjano, na kila baada ya majuma machache hukosa masomo kwa sababu ya maumivu makali ya mifupa na viungo. Leo analazwa, kesho anarudi na barua ya daktari, na siku moja jina lake linaitwa wala hapana anayeitika. Ugonjwa huo ni selimundu, au siko seli kama wengi wanavyouita. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao nchini Tanzania kila mwaka, na kwamba zaidi ya robo tatu ya watoto wote wanaozaliwa nao duniani huzaliwa Afrika.

Historia ya ugonjwa huu ina fundisho kubwa. Ulielezwa kwa mara ya kwanza katika jarida la kitabibu mwaka 1910, na daktari wa Chicago. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa chanzo chake ni kasoro ya himoglobini. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitumia damu ya watu wa Afrika Mashariki kuthibitisha kwamba mwenye kurithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Mwaka 1986 Marekani ilithibitisha kwamba penisilini huwakinga watoto wadogo wenye selimundu na maambukizi yanayoua, na mwaka 1995 kwamba dawa ya haidroksiyurea hupunguza maumivu kwa watu wazima. Lakini jaribio kubwa la kutumia dawa hiyo kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda lilitangaza matokeo yake mwaka 2019, yaani miaka 24 baadaye. Damu ilitoka Afrika, maarifa yakaenda mbali, na dawa ikachelewa kurudi.

Ucheleweshaji huo ulikuwa na sababu zake. Haidroksiyurea hupunguza chembechembe za damu, na waganga walikuwa na haki ya kuuliza kama mtoto mwenye utapiamlo, anayeishi penye malaria, ataistahimili. Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa London wala Boston. Lilijibiwa Afrika, na jibu likawa la faraja: watoto waliotumia dawa walipata maumivu machache, wakahitaji damu ya kuongezewa mara chache zaidi, na hata malaria yenyewe ikapungua miongoni mwao.

Hii ndiyo kazi ya utafiti wa kitabibu: kulichukua swali linalozuka kitandani kwa mgonjwa, kulipeleka maabara, na kulirudisha jibu kitandani kabla mgonjwa hajafa. Mahali panapofaa zaidi kwa kazi hiyo ni hospitali ya chuo kikuu, ambako mgonjwa, mwanafunzi, daktari na mtaalamu wa maabara wanakutana chini ya paa moja. Waliolijenga Taifa walilitambua jambo hilo mapema. Chuo cha udaktari kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, kikawa kitivo cha Chuo Kikuu mwaka 1968, na mwaka 1976 kitivo na hospitali viliunganishwa kuwa kituo kimoja cha tiba, Muhimbili. Mwaka 2007 ndipo kilipozaliwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Hapo hapo, tangu mwaka 2004, wataalamu wakiongozwa na Julie Makani wamewaandikisha na kuwafuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu. Kundi hilo ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani yaliyofuatiliwa katika kituo kimoja.

Wako watakaosema kwamba hospitali yenye upungufu wa dawa na vitanda haina nafasi ya utafiti. Hoja hiyo ina uchungu wa kweli, lakini haisimami. Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, na mwaka 2006 ikaiacha pia dawa iliyoshika nafasi yake na kuanza kutumia dawa mseto. Maamuzi hayo yalitokana na kuwafuatilia wagonjwa kwa makini ili kujua ni nani aliyepona na ni nani aliyerudiwa na homa. Pasipo utafiti huo fedha za umma zingeendelea kununua vidonge visivyoponya. Nchi tajiri inaweza kuvumilia hasara ya kununua dawa isiyofaa. Nchi maskini haiwezi.

Tatizo lililopo ni chanzo cha fedha. Kwa miaka mingi utafiti mkubwa wa tiba barani Afrika umetegemea fedha za nje. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mwezi Mei mwaka huo Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo zikatangaza kuusitisha utaratibu wa kuwapitishia washirika wa nje fedha za utafiti kupitia vyuo vya Marekani. Mwenye mali ana hiari ya mali yake. Ila mgonjwa aliyeandikishwa leo hawezi kuambiwa kesho kwamba daftari lake limefungwa kwa sababu bunge la ng'ambo limebadili nia. Azimio la Arusha lilionya mwaka 1967 juu ya hatari ya kujenga maendeleo juu ya fedha za wengine, na onyo hilo halijachakaa. Mwaka 2007, mjini Addis Ababa, viongozi wa Afrika walizihimiza nchi zao kutenga angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti ifikapo mwaka 2010. Mwaka huo ulipita, na nchi nyingi bado ziko mbali na lengo hilo.

Wasomi nao hawana budi kujisahihisha. Matokeo yanayochapwa katika majarida ya ng'ambo, kwa lugha ambayo mama wa mgonjwa haisomi, bila muhtasari kufika kwa mganga mkuu wa wilaya, ni kazi iliyoishia njiani. Aliyetoa damu yake ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili fasaha kabla ya kuitoa, na ana haki ya kuambiwa baadaye ilifundisha nini.

Mambo yanayotakiwa yako ndani ya uwezo wa Taifa. Bajeti iwe na fungu la kudumu la utafiti wa tiba, lisilopunguzwa kila mapato yanapoyumba. Daktari anayefundisha na kutibu atengewe saa za kuchunguza, na kazi hiyo ihesabiwe anapopandishwa cheo. Madaftari ya wagonjwa wa muda mrefu yawe mali ya Taifa, yaendelee hata mfadhili akiondoka. Mtumishi ambaye jalada la kibali au la ununuzi wa kemikali za maabara limelala mezani kwake atambue kuwa nyuma ya karatasi hizo wamo watu wanaosubiri.

Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba mpya ya selimundu inayorekebisha chembe za urithi, na bei yake nchini Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hapana hazina ya Afrika itakayowanunulia watoto wake tiba ya bei hiyo. Nchi itakayokuwa na wataalamu wake, maabara zake na kumbukumbu za wagonjwa wake itaweza kutafuta njia nafuu, na hata kujadiliana bei ikiwa na hoja mkononi. Isiyokuwa navyo itangoja tena miaka 24, na shuleni mwalimu ataendelea kuita majina yasiyoitikiwa.