Kiti cha Wadi Si Makombo

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, macho ya nchi nzima huelekea Ikulu. Tunabishana sokoni, katika matatu na hata uani mwa kanisa baada ya ibada, nani atakuwa Rais na nani atakuwa gavana. Wakati huo huo, kijijini mle mle, kuna mtu anayetafuta kiti cha wadi, naye anapita nyumba hadi nyumba usiku na pakiti za sukari na noti za shilingi mia mbili. Yeye anaijua thamani ya kiti hicho. Sisi ndio tusioijua.

Twasema bila kuficha: kura ya wadi huibwa kwa urahisi kwa sababu haina mlinzi. Mashirika, waandishi na vyama huelekeza nguvu zao juu. Huku chini, mwananchi huachwa peke yake na mwenye mfuko.

Wazee wetu waliuonja uovu huu wakaukataa. Mwaka 1988 wapiga kura walipangwa mlolongo mchana kweupe, mbele ya chifu, mwajiri na jirani, na mahali pengi mlolongo mfupi ukatangazwa kuwa mrefu. Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikuwa limeupinga utaratibu huo tangu 1986. Jarida lake, Beyond, lilipoandika juu ya wizi ule, lilipigwa marufuku mwaka huo huo wa 1988. Kwa hiyo kura ya siri haikuwa zawadi ya watawala. Kuna waliolipa gharama yake.

Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, na tarehe 29 Desemba 1992 wananchi wakachagua Rais, wabunge na madiwani chini ya vyama vingi. Lakini hata kabla ya siku hiyo kufika, katika Bonde la Ufa baadhi ya wagombea wa upinzani walizuiwa kwa nguvu wasiwasilishe karatasi zao za uteuzi, na wapinzani wao wakapita bila kupingwa. Fundisho hilo lingali hai: uchaguzi waweza kuibwa kabla ya sanduku la kura kufika kituoni.

Huenda tumekidharau kiti hiki kwa sababu diwani wa zamani alikuwa na cheo bila uwezo. Mwaka 1969 Serikali Kuu ilitunga sheria ya kuyanyang'anya mabaraza ya kaunti elimu ya msingi, afya na barabara. Yalibaki na ada za soko na mabishano. Dharau hiyo tumeirithi, ilhali kiti chenyewe kimebadilika. Chini ya Katiba ya 2010, tangu uchaguzi wa 2013, tuna kaunti 47 na wadi 1,450, na mwakilishi wa wadi hukaa katika bunge linaloamua juu ya zahanati, shule za chekechea, masoko, maji na barabara za vijijini. Makadirio ya bajeti hufikishwa mbele ya bunge hilo kufikia tarehe 30 Aprili, nayo hupaswa kupitishwa kufikia tarehe 30 Juni. Mama mjamzito akiambiwa zahanatini akanunue glavu dukani, sababu itafutwe katika bajeti ile, na katika mkono wa mwakilishi aliyeuinua ili ipite.

Hebu tujipime kwa jambo la juzi. Kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025 Tume ya Uchaguzi, IEBC, haikuwa na makamishna wa kutosha kuendesha uchaguzi wowote. Wadi zilizopoteza wawakilishi wao katika kipindi hicho zilingoja hadi chaguzi ndogo za tarehe 27 Novemba 2025. Bajeti zilipita, wao wakiwa hawana msemaji. Ni makanisa mangapi yaliyoziombea? Ni wangapi kati yetu, tunaojiita watetezi wa haki, tulioandamana kwa ajili yao? Nchi ingekaa bila Rais kwa wiki moja tu, tungelia usiku na mchana.

Sasa tuseme juu ya hongo. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 humhesabu mtoaji na mpokeaji kuwa wakosaji wote wawili. Lakini tuiache sheria kidogo, tupige hesabu. Shilingi 200 kwa miaka mitano ni shilingi 40 kwa mwaka, chini ya shilingi nne kwa mwezi. Esau aliuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu, lakini yeye angalau alishiba siku hiyo.

Wala kanisa lisijifiche nyuma ya umaskini wa waumini. Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi la Kanisa Katoliki liliukataa mchango ambao Rais alikuwa ameutoa katika kanisa moja jijini. Ikiwa bahasha ya Rais yaweza kukataliwa, mbona ya mgombea wa wadi hupokelewa madhabahuni kwa vigelegele, naye akapewa kipaza sauti?

Wengine hutuambia, "Tukiibiwa, si tutakwenda mahakamani?" Sisi tulio mawakili twajua ugumu wa njia hiyo. Ombi la kupinga matokeo ya wadi husikizwa na hakimu, nalo sharti liwasilishwe ndani ya siku 28. Mlalamishi huweka dhamana ya shilingi 100,000, kabla ya kumlipa wakili. Ni mkulima gani wa vijijini mwenye fedha hizo? Kinga ni bora kuliko tiba.

Kinga hiyo imo mikononi mwetu tunapoelekea Agosti 2027. Jiandikisheni. Ingieni katika kura ya mchujo ya vyama, maana huko ndiko wadi nyingi huamuliwa. Kila jumuiya ndogo na kila kikundi cha vijana kiwaulize wagombea hadharani: bajeti iliyopita iliiletea wadi yetu nini, na wewe utadai nini? Siku yenyewe, hakikisheni kuna wakala mwaminifu katika kila kituo, asiyeweza kununuliwa kwa soda na chapati. Ibara ya 86 ya Katiba yaamuru kura zihesabiwe na matokeo yatangazwe pale pale kituoni. Wakala asiondoke kabla ya kutia sahihi na kupata nakala yake.

Haba na haba hujaza kibaba. Demokrasia iliyodaiwa na wazee wetu haitakamilika Nairobi ikiwa imeuzwa kijijini usiku. Atakapobisha hodi mwenye sukari, mlango na ubaki umefungwa.